Damu ya Namba Hamsini na Moja

Siku mliponiaga maabara mlinipa doti mbili za khanga na saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa hakuna mtu asiyehitaji saa kama mstaafu. Baada ya soda mkaanza ubishi wenu wa kila siku. Mmoja alisema dunia sasa ni moja, mipaka imebaki kwenye ramani tu, na wanaotawala ni wenye maabara kubwa huko ng'ambo. Mwingine akamjia juu: kila taifa lishike mambo yake, wageni waje wakialikwa. Mkanigeukia. "Ma Paskazia, wewe umefanya kazi na pande zote mbili. Nani hasa ana nguvu?" Nikasema nimechoka, nikaomba gari linirudishe nyumbani Bilele.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa refu kuliko soda zenu. Nimeliandika hapa kwa mpangilio. Vyeo na mishahara naviacha. Viko kwenye jalada langu la utumishi, kama panya hawajalila.

Nilianza kazi katika maabara ya hospitali mjini Bukoba mwaka mmoja kabla ya vita. Chumba kilikuwa kimoja, dirisha moja na hadubini moja. Hadubini ile haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo unachokigeuza mpaka kikamate mwanga wa dirishani, kwa hiyo siku ya mawingu mazito ziwani, wagonjwa wa malaria walingoja jua. Aliyenipokea ni Mzee Laurenti, mtu wa Buhembe, mfupi, mwenye koti jeupe lililotiwa viraka kwa uzi wa bluu. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa damu. Alinipa slaidi mia moja na pamba nizisafishe. Jioni alizikagua moja moja mbele ya dirisha, akanirudishia sita.

"Hizi umezisalimia tu," alisema. "Hukuziosha."

Siku ya pili alinionyesha daftari. Lilikuwa kubwa, jeusi, la jalada gumu, lililonunuliwa kwenye duka la Wahindi karibu na soko. Mgonjwa wangu wa kwanza kabisa nilimkosea jina. Nikachukua wembe nikwangue wino, maana ndivyo tulivyofanya shuleni. Mzee Laurenti alinishika mkono.

"Mwanangu, hapa hatukwangui. Piga mstari mmoja, kosa liendelee kusomeka. Pembeni andika lililo kweli, weka saini yako. Mtu akija kesho kuuliza ulikosea nini, aone mwenyewe."

Damu siku hizo tuliipima kwa kuivuta kwa mdomo kwenye mrija mwembamba wa kioo. Nilipowasimulia hili mlidhani nawatania. Ikikuponyoka ikaingia mdomoni, unaitema, unasukutua, unaendelea. Mzee Laurenti alisema ladha yake ni ile ile ya chumvi kwa kila mtu, awe mkuu wa wilaya au mfungwa. Mimi iliniponyoka mara mbili. Yeye, katika miaka yake yote, hakuwa anahesabu.

Kisha vita. Askari wa Uganda walivuka mpaka wakashika nchi yote mpaka mto Kagera. Mjini tukaanza kusikia ndege, watu wakajitwisha magodoro kuelekea kusini. Tuliagizwa kuhamishia vifaa Muleba. Mzee Laurenti aliifunga hadubini kwa blanketi akaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa, na kila gari liliporuka alisema "pole" kwa sauti, akiiambia hadubini wala si sisi abiria.

Muleba tulipewa chumba cha darasa. Majeruhi walipoletwa walihitaji damu, na dawa ya kutambua makundi ya damu, ambayo ilitoka Ulaya, ilikwisha katika wiki ya pili. Redio ya Mzee Laurenti ilikuwa dirishani. Siku hiyo ilitangaza kwamba nchi kadhaa za Afrika zinatutaka tusimamishe mapigano tuzungumze. Adui alikuwa bado amekalia ardhi yetu. Nilimtazama Mzee Laurenti nikidhani nimesikia vibaya. Aliizima redio, akasafisha kigae cheupe. Akachukua tone la damu ya askari wa mgambo aliyejitolea, akalichanganya na maji ya damu ya majeruhi, akatikisa taratibu, akatazama kama chembe zinagandamana. Hazikugandamana. Yule majeruhi akaongezewa damu, akapona.

"Vita ni vyetu, dawa ni yao," alisema. "Basi tutumie macho."

Siku ile niliipenda nchi yangu kwa namna ambayo siwezi kuwaeleza vijana wa sasa. Nalisema hili mapema ili msidhani nilianza kazi na kinyongo.

Vita viliisha, tukarudi Bukoba, hadubini ikarudi dirishani kwake. Miaka michache baadaye wakaanza kuja watu waliokonda. Walikuwa vijana, wafanyabiashara wa mpakani, madereva, wake zao. Nilipima makohozi, nikapima choo, nikapima damu, nikaandika "hakuna kilichoonekana". Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu. Mwezi unaofuata namkuta mtu yule yule anabebwa na kaka yake mgongoni. Mtaani ugonjwa ulipewa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa yakivuka mpaka, kana kwamba ulishonwa kwa cherehani. Sisi Wahaya tunazika kwenye kibanja, katikati ya migomba, nyuma ya nyumba. Niliporudi kwetu Krismasi ya mwaka ule nilipita vibanja vitano mfululizo vyenye udongo mbichi. Cha sita kilikuwa cha shangazi yangu, na hakuna aliyekuwa ameniandikia.

Ndipo akaja Daktari Marta. Alitoka Ulaya na mradi mkubwa wa kuchunguza ugonjwa. Alijua Kiswahili cha kutosha kuomba chai na kusema samahani. Upande wa serikali aliandamana na Bwana Kamugisha, ofisa mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mpango ulikuwa huu: watu themanini wa kijiji kimoja wilayani Muleba watoe damu. Kila mmoja apewe kadi yenye namba. Majina yabaki kwenye daftari letu tu. Damu iende Ulaya kwa namba, umri na hali ya ndoa, bila jina, kwa sababu kipimo hakikuwepo kwetu, na majibu yarudi kwa namba. Mpango mzuri. Nausifu mpaka leo.

Kilichouharibu ni sukari. Baada ya vita bidhaa zilikuwa adimu, na kijijini sukari iligawiwa na balozi wa nyumba kumi: anasimama juu ya kigoda, anaita namba, mtu anajitokeza mbele ya wote ili asipate mara mbili. Balozi wa kijiji kile hakujua njia nyingine ya kushughulika na watu wenye kadi. Alipanda kigodani.

"Kumi na tisa! Kumi na tisa yuko wapi?"

"Chooni, balozi!"

"Mwambieni serikali haisubiri choo. Ishirini!"

Daktari Marta alipoelewa kinachotendeka, kijiji kizima kilikuwa kinajua namba za kijiji kizima. Kufika saa sita watu walikuwa wanasalimiana kwa namba na kucheka. Bwana Kamugisha alimtuliza: "Ni furaha tu ya wananchi, Daktari."

Namba hamsini na moja alikuwa mwanamke anaitwa Dionisia. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, amekonda kama wengine. Alikuwa na mabinti watatu na kibanja kizuri cha migomba na mibuni. Ukoo wa mume ulikuwa umeshaamua: msiba ukimalizika, shemeji yake Evarist, ambaye alikuwa na mke tayari, amrithi mjane pamoja na kibanja. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Nilipokuwa namfunga mpira mkononi aliniuliza jibu litarudi lini.

"Miezi michache," nilisema.

"Nalitaka kabla ya kumaliza msiba, waitu, mtu wetu. Mume wangu nilimwona alivyokwisha. Kama ninao, siwezi kumpelekea mke wa Evarist. Kama sina, sitaki kuletewa, maana huyo Evarist nilikuwa nafanya naye magendo mpakani, nazijua safari zake. Nitakataa tu. Lakini nikikataa mikono mitupu wananifukuza kibanjani na watoto. Nipeni neno la hospitali nilishike."

Mzee Laurenti alikuwa anaandika daftari. Aliinua kichwa. "Neno lako nitalileta mwenyewe," alisema. Sikuwahi kumsikia akiahidi kitu kazini kabla ya siku hiyo.

Mchana tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kwa balozi. Bwana Kamugisha alimwambia Daktari Marta kwamba majibu lazima yapitie kwa wakubwa wake kwanza.

"Damu ya Mtanzania ni mali ya Tanzania. Hatutaki kusikia kwenye redio za nje kwamba Kagera inakwisha."

"Ugonjwa huu hauombi pasi ya kusafiria," alijibu Daktari Marta. "Ni wa dunia nzima. Na bila maabara yetu hamna jibu."

"Na bila watu wetu hamna damu."

"Na mwenye mkono je?" aliuliza Mzee Laurenti.

Wote wawili walimtazama kama vile sufuria ndiyo iliyosema.

"Mwenye mkono atafaidika," alisema Bwana Kamugisha. Daktari Marta akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wao kukubaliana.

Tulirudi Bukoba kwa magari mawili. Daktari Marta alitangulia. Kwenye mteremko mmoja, kabla ya daraja, gari letu liliingia shimoni na kasha la barafu likadondoka. Tulipolifungua maabara saa tisa alasiri, tyubu nne zilikuwa zimevunjika: kumi na mbili, thelathini na tatu, hamsini na moja, sitini na nane. Ndege ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Kibali cha mafuta kilikuwa cha safari moja, na hakuna ofisi ambayo ingetoa kingine alasiri ile.

"Tuandike nne zimevunjika," nilisema.

"Zimevunjikia kwa nani?" aliuliza Bwana Kamugisha. "Waseme hata kubeba chupa hatuwezi? Themanini walihesabiwa mbele ya mgeni. Themanini wataondoka."

Sikuelewa, mpaka alipovua koti la suti na kukunja shati. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akanyoosha mkono. "Mimi natoa kwa ajili ya nchi," alisema, na naapa alimaanisha. Nilimtoa damu, ikawa kumi na mbili. Dereva akawa thelathini na tatu. Mzee Laurenti akawa hamsini na moja. Kisha yeye akanitoa mimi, nikawa sitini na nane. Nilikuwa nimepigwa na butwaa kiasi kwamba sikuhisi sindano.

Nilifungua daftari niandike. Bwana Kamugisha aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. Nikamgeukia Mzee Laurenti nikimngoja aseme lile neno lake la mstari mmoja. Alikuwa anatazama dirishani. Nimefikiri sana kuhusu ule ukimya wake. Nadhani alikumbuka kigae cheupe cha Muleba, na jinsi tulivyofaulu bila wao, akaona aibu wakituona tumeshindwa kubeba kasha. Bwana Kamugisha alipoondoka, Mzee Laurenti alisema tu, "Tutarudi tukamtoe Dionisia damu upya, iende awamu ya pili."

Awamu ya pili haikuwepo.

Majibu yalichukua karibu mwaka. Niliandika barua Ulaya. Nikajibiwa kwamba majibu yameshakabidhiwa kwa serikali. Niliandika serikalini, nikajibiwa kwamba majibu ni mali ya mradi. Barua zote mbili zilikuwa na lugha nzuri. Wakati huo Dionisia alikuwa ameshaahirisha kumaliza msiba mara mbili, mara anaumwa, mara kahawa haijavunwa, na ukoo ulikuwa umechoka.

Siku moja asubuhi Daktari Marta aliingia maabara, Bwana Kamugisha nyuma yake. Aliweka mezani karatasi iliyopigwa chapa: namba themanini, na msalaba mdogo mbele ya kila mwenye ugonjwa. Nawaeleza nilichofanya, maana nimeahidi kuandika kwa utaratibu. Nilitafuta kwanza sitini na nane, damu yangu. Haikuwa na msalaba. Nilipoinua macho nilimwona Bwana Kamugisha naye anatoa kidole chake kwenye kumi na mbili. Haikuwa na msalaba. Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Laurenti, ya kawaida kabisa, kama anasoma jibu la malaria.

"Hamsini na moja. Hii ni mimi."

Daktari Marta alitabasamu akidhani ni Kiswahili kigumu. Mzee Laurenti akamweleza polepole, neno kwa neno, shimo, kasha, tyubu nne, mkono wake. Tabasamu lilikaa usoni mwa yule mama kwa muda likiwa halina kazi, kisha likaondoka. Alikaa chini.

"Jedwali hili limeshasomwa," alisema. "Kwenye mkutano. Mataifa mengi."

"Mzee anachanganya mambo," alisema Bwana Kamugisha. "Amechoka."

"Sijachoka. Tyubu ile niliijaza mwenyewe."

"Mzee Laurenti, jambo hili likitoka nje ya chumba hiki ni la usalama wa taifa."

Nilimtazama Daktari Marta. Nilikuwa na hakika atapiga meza. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na macho mekundu. "Nitaandika ofisini kwetu," alisema. "Nitaandika. Lakini kwa sasa, tafadhali, tusivuruge mradi. Watu wengi wanautegemea."

Kwa hiyo wakakubaliana tena. Mtu mmoja alikuwa ametoka kuambiwa atakufa, na kwa kadiri tulivyojua siku zile ilikuwa ni kufa tu, na hakuna aliyemwambia pole. Hata mimi. Aliyezungumza ni yeye mwenyewe.

"Dionisia," alisema. "Lazima twende kabla orodha haijafika."

"Nakala ya kijiji iko huko tangu Jumatatu," alisema Bwana Kamugisha. "Balozi anatakiwa kutia saini na muhuri kwamba imepokelewa. Utaratibu."

Ilikuwa Jumatano. Siri ya taifa, ambayo mimi sikuruhusiwa kuiona kwa karibu mwaka mzima, ilikuwa imelala siku mbili mezani kwa balozi, na baadaye mkewe alituambia walikuwa wameiwekea juu bakuli la kahawa ya kutafuna ili isipeperuke. Kila mgeni aliyechukua punje mbili alisoma namba. Na kila mtu alizijua namba.

Tulipanda basi la Muleba. Evarist tulimkuta uani kwa Dionisia, amesimama mbali na mlango, na ndugu wawili nyuma yake.

"Mmechelewa, waganga wa serikali," alisema. "Hamsini na moja tumeshamjua. Simtaki, hata mniongezee shamba. Akae na kibanja chake. Tutasubiri."

"Mnasubiri nini?" aliuliza Mzee Laurenti.

"Mzee, na wewe! Unajua tunachosubiri."

Dionisia alikuwa jikoni anamenya ndizi, mabinti wako shuleni. Nilifunga mlango. Nikamwambia kwamba msalaba ule si wake, damu iliyopimwa haikuwa yake.

"Ya nani?"

"Yangu," alisema Mzee Laurenti.

Dionisia aliweka kisu chini. Alimtazama Mzee Laurenti, kisha akanigeukia mimi.

"Na yangu?"

"Yako ilimwagika barabarani."

Nimetoa majibu mabaya kwa watu wengi tangu siku ile. Hakuna sentensi niliyowahi kutamka ambayo ilinishtua mwenyewe kama hiyo. Aliuliza, "Barabarani wapi?" Nikamwambia: kwenye mteremko, kabla ya daraja. "Nilipita pale juzi," alisema, na akaokota ndizi nyingine akaishika bila kuimenya.

Nikasema natoka sasa hivi kumweleza Evarist na ndugu zake kosa ni letu. Alinishika khanga.

"Bojo, tafadhali, usitoke. Ukiwaambia hivyo, kabla jua halijazama wananikabidhi kwake. Ulimsikia. Amesema nikae na kibanja."

"Lakini wanakungoja ufe, Dionisia."

"Na wangoje. Na mimi nitawangoja wao."

Mzee Laurenti alicheka. Ndiyo, alicheka, siku ile ile, akaegemea ukuta wa jikoni akifuta macho. "Basi damu yangu ikae kwako," alisema. "Angalau kwako itafanya kazi." Tukatoka, tukawapita wale ndugu bila neno. Hivyo nikakaa kimya mimi pia, kama Bwana Kamugisha na Daktari Marta walivyotaka, ingawa kwa sababu nyingine. Najua kwenye karatasi ukimya wote unafanana.

Mzee Laurenti alifanya kazi miaka miwili zaidi. Jambo la kwanza alilofanya tuliporudi ni kukata mpira wa kuoshea masikio na kuufunga kwenye mrija wa kupimia damu, akapiga marufuku kuvuta kwa mdomo. Hakungoja waraka, waraka ulikuja baadaye sana. Aliupata wapi ugonjwa ule sijui, na sikumwuliza. Alipolala mgonjwa kwake Buhembe, majirani waliacha chakula kwenye lango na kurudi haraka. Aliyeingia ndani ni Dionisia. Alikuja kila Jumamosi kwa basi kutoka Muleba, na ndizi, na senene msimu wake ukifika, akamwosha na kumbadilishia shuka.

"Mtu wangu, huniogopi?" nilimsikia Mzee Laurenti akimtania siku moja.

"Nikuogope vipi, tata, baba yangu? Namba yetu ni moja."

Mzee Laurenti alifariki wakati wa mvua. Evarist alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Sikumpima, kwa hiyo sisemi zaidi. Miezi michache baada ya mazishi, ofisi ya mradi ililetewa ripoti iliyochapishwa vizuri, karatasi nene. Nilitafuta jedwali la kijiji. Watu themanini. Niliangalia chini ya jedwali kama kuna maelezo madogo. Hapakuwa na kitu. Mzee Laurenti wa Buhembe, fundi wa maabara, amehesabiwa humo kama mjane wa Muleba mwenye miaka thelathini na moja, na huko ng'ambo kuna watu wamefikiri sana juu ya mwanamke huyo. Labda Daktari Marta aliandika kama alivyosema. Niliandika mimi pia, barua tatu, kwa ile ofisi ya Ulaya na kwa wakubwa wa Bwana Kamugisha.

Mliniuliza nani ana nguvu. Asubuhi ile ya majibu dunia na taifa walikuwa wote chumbani kwangu, wamekaa kwenye viti vyangu viwili vya wagonjwa. Kila mmoja aliweza kutunyamazisha, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumpa Dionisia jibu lake. Lakini kabla yao mimi nilikuwa na kalamu mkononi na daftari wazi, nikaruhusu kiganja cha mtu kikae juu ya ukurasa. Kwa hilo siilaumu Ulaya wala Dar es Salaam.

Vipimo vilipofika kwetu hatimaye, katoni moja, nilituma ujumbe Muleba. Dionisia alikuja kwa basi la kwanza. Alikuwa ameishi na swali lile miaka sita, ametia mabinti wawili sekondari, na ukoo ulikuwa bado unamngoja. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Bwana Kamugisha. Sikumpa namba. Niliandika jina lake lote, nikamtoa damu, nikapima mbele yake, nikapima tena.

"Huna," nilisema.

Hakulia wala hakushukuru Mungu kwa sauti kama wengi wanavyofanya. Alikaa akitazama kile kidole chake chenye pamba.

"Lile daftari la zamani lipo?"

Lilikuwa kabatini. Nikalifungua ukurasa wa wale themanini. Mstari wa hamsini na moja ulikuwa na jina lake kwa mwandiko wa Mzee Laurenti, safi, bila doa.

"Wale wa ng'ambo wamerekebisha?" aliuliza.

"Nimewaandikia mara tatu. Na serikalini pia. Bado."

"Basi tusiwangoje. Lete kalamu."

Nilipiga mstari mmoja juu ya jina lake, liendelee kusomeka. Pembeni niliandika jina la Mzee Laurenti, na sababu, na mahali tyubu ilipovunjikia. Nikafanya hivyo kwa zile nyingine tatu, nikaweka saini. Dionisia akachukua kalamu, na kwa herufi kubwa alizojifunza kwenye darasa la watu wazima akaandika chini ya saini yangu: NIMEONA. DIONISIA.

Daftari hilo liko hapo maabara, kwenye kabati la chini, upande wa kushoto. Funguo nimemwachia yule aliyesema kila taifa lishike mambo yake, na yule wa dunia moja anajua zilipo.